Mwanzi Usiovuka Mpaka

Mtu mwenye ekari mbili au chini ya hizo ana taabu ambayo mwenye shamba kubwa haijui. Mahindi na maharagwe huchukua sehemu yao, ng'ombe huchukua yake kwa ajili ya majani, nyumba na jiko na ghala huchukua yao, na mwisho hapasalii mahali pa kupanda miti. Walakini haja ya miti haipungui kwa sababu shamba ni dogo. Nyanya zataka vijiti vya kuzishika, migomba yenye mikungu mizito yataka nguzo za kuiegemeza, banda la kuku lataka fito, na ua wataka kutengenezwa kila mwaka. Asiyekuwa navyo hana budi kuvinunua.

Mwanzi waweza kuondoa sehemu kubwa ya taabu hiyo. Ni wa jamii moja na nyasi, mahindi na miwa, lakini hupata ugumu kama wa mti. Hata hivyo wako watu wausifuo mwanzi na wako waulaanio, na wote wawili husema kweli, maana hawasemi habari ya mwanzi mmoja. Uko mwanzi ukaao pale pale ulipopandwa, ukaongeza watoto wake kando yake kama kuku akusanyavyo vifaranga. Na uko mwanzi utambaao chini ya udongo, usijulikane uendako, mpaka siku moja unachomoza katikati ya viazi vya jirani. Mwenye shamba dogo asipojua tofauti ya mianzi hiyo aweza kupanda ugomvi ambao watoto wake wataurithi pamoja na ardhi.

Zamani ulitoka msituni

Wazee wa sehemu za milimani hawakuwa na haja ya kupanda mwanzi. Juu ya Mlima Kenya, Nyandarua, Mau, Cherangani na Mlima Elgon, katika nchi iliyoinuka kama futi 8,000 na kuzidi, mianzi ilimea yenyewe na kufunika miteremko mizima. Wakikuyu waliuita murangi na Wakalenjin waliuita tegat. Jina la Kimasai la mwanzi limebaki katika Mlima Oldeani huko Tanzania, na mwaka 2013 wataalamu wa mimea walipoupa mwanzi huu wa milimani jina jipya la kitaalamu, Oldeania, walilitoa katika neno hilo hilo. Kutoka misitu hiyo watu walileta fito za kujengea na mianzi ya kusuka vikapu na maghala.

Mambo yalibadilika mwaka 1986, wakati ukataji wa mianzi katika misitu ya Serikali ulipopigwa marufuku kwa amri ya Rais. Sababu yake yaeleweka. Misitu ile ndiyo chemchemi ya mito mingi ya Kenya, na mteremko uliokwisha kuvuliwa mianzi hauwezi kuushika udongo wala kuyahifadhi maji. Lakini tangu hapo ikawa wazi kwamba mtu atakaye mianzi ni lazima aipande kwake. Mwaka 2020 Serikali iliutangaza mwanzi kuwa zao la biashara, na hamu ya kuupanda ikazidi.

Mwanzi wa milimani hupenda baridi na mwinuko, wala si wa kuchukuliwa na kupandwa ovyo katika nchi yenye joto. Kwa mashamba ya chini na bustani za mjini iko mianzi mingine, mingi yake asili yake ni Asia. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, ambayo makao yake makuu yako Muguga, imekwisha kujaribu aina nyingi za mianzi hiyo katika nchi hii.

Tofauti iko chini ya udongo

Kila mwanzi una shina jingine lililojificha ardhini, na ndilo limwonyeshalo mkulima tabia ya mmea wake. Katika mwanzi utambaao, shina hilo ni jembamba na refu, lina vifundo vingi, nalo husafiri kwa mlalo kama nyasi mbaya ya shambani. Katika kila kifundo laweza kutoa mizizi na chipukizi. Mwanzi mmoja wa namna hii, Phyllostachys aurea, ulitoka China na umepandwa katika nchi nyingi kwa ajili ya uzuri wake wa rangi ya dhahabu. Katika nchi kadha wa kadha umekuwa magugu yasiyoshindika kwa urahisi.

Katika mwanzi wa kichaka, shina la chini ni fupi na nene, limepinda kama kipande cha tangawizi au pembe ya ndama. Haliendi mbali. Hujitokeza kidogo kando ya mama yake, kisha kichwa chake hugeuka juu na kuwa mwanzi mpya. Mwaka unaofuata mwanzi huo nao hufanya vivyo hivyo. Basi kichaka hunenepa polepole kutoka katikati kwenda nje, na mwenye panga aweza kukiweka katika mpaka wake kila majira.

Mnunuzi aweza kuitambua mianzi hii kabla ya kutoa fedha yake. Kwanza, na aombe mche mmoja utolewe katika mfuko wake ili aone shina la chini kwa macho yake. Pili, na atazame vifundo vya mwanzi uliokomaa katika kitalu. Mianzi itambaayo ya jamii ya Phyllostachys hutoa matawi mawili katika kila kifundo, moja kubwa na moja dogo, na juu ya matawi hayo bua lina mfereji mwembamba ulioingia ndani. Mianzi ya kichaka ya nchi za joto aghalabu hutoa matawi mengi pamoja katika kifundo kimoja, kama kitita, na bua lake ni duara lisilo na mfereji. Muuzaji mwaminifu hatachukia kuulizwa maswali haya, na asiyetaka kuulizwa ni afadhali aachwe na miche yake.

Kuchagua kwa kadiri ya nafasi

Si kila mwanzi wa kichaka ufaao shamba dogo. Dendrocalamus giganteus, mwanzi mkubwa wa Asia, hufika futi 80 hata 100, na bua lake huwa nene kuliko paja la mtu. Vichaka vyake katika bustani ya Peradeniya huko Sri Lanka husifiwa na wageni wa nchi zote, lakini bustani ile ni kubwa mno. Katika robo ekari mwanzi huo ungeitia giza nyumba nzima.

Mwanzi ufaao kwa ua na bustani ndogo ni Bambusa multiplex, ambao asili yake ni China ya kusini na nchi jirani zake. Huinuka futi 10 mpaka 20, mabua yake ni membamba kama kidole au kuzidi kidogo, na majani yake ni mengi tangu chini hata juu. Ukipandwa kwa mstari, mche na mche futi 3 au 4, huwa ukuta wa majani uzuiao upepo na vumbi la barabara. Mabua yake hutosha kwa vijiti vya nyanya na maharagwe ya kutambaa.

Atakaye fito ndefu zilizonyoka atafute Thyrsostachys siamensis, mwanzi wa Thailand na Burma. Kichaka chake hubana sana, mabua yake husimama wima, nao huvumilia kiangazi kuliko mianzi mingi. Huweza kufika futi 25 hata 40. Kwa hiyo wataka pembe yake wenyewe, vichaka viachane futi 10 au 12.

Mwanzi ujulikanao sana Pwani, wa kijani au wa manjano yenye mistari ya kijani, ni Bambusa vulgaris. Hushika kwa urahisi na mabua yake ni manene, ila kichaka chake huachia nafasi kati ya bua na bua, na huenea zaidi ya hivyo viwili vya kwanza. Huo ni wa mtu mwenye pembe pana, penye bonde au ukingo wa mfereji, wala si wa kupandwa chini ya dirisha.

Hata mwanzi mpole usipandwe juu ya mstari wa mpaka. Mwanzi mdogo uingizwe ndani ya shamba futi 6, na mkubwa zaidi ya hapo, kwa kuwa kichaka kitanenepa pande zote na mabua yatainama kwa uzito wa mvua. Tena mizizi yake myembamba hupita mbele ya kichaka futi kadhaa ikitafuta maji. Mahindi yaliyo karibu sana yatadhoofika kwa kivuli na kwa njaa. Mahali pazuri ni upande wa chini wa shamba, au pale maji ya kuogea na kuoshea vyombo yanapopita.

Kupata miche na kuipanda

Mianzi mingi haitoi maua kila mwaka. Aina nyingi hungoja miaka mingi, nyingine makumi ya miaka, kisha vichaka hutoa maua vyote pamoja na mara nyingi hufa baadaye. Kwa sababu hiyo mbegu ni adimu, na Bambusa vulgaris ni nadra kutoa maua, wala mbegu haipatikani. Mtu auzaye mbegu za mianzi ya kila aina, majira yote, kwa bei rahisi, yafaa aulizwe amezitoa wapi.

Njia ya uhakika ni kugawanya kichaka au kupanda vipande vya bua. Kwa mianzi myembamba, chimbua pembeni mwa kichaka sehemu yenye mabua mawili au matatu pamoja na shina lake la chini na mizizi, ukate kwa msumeno au panga kali, upunguze mabua kwa kimo cha kiuno, kisha upande siku hiyo hiyo. Mizizi ikikaukiwa na jua hata saa chache, kazi imeharibika.

Kwa mwanzi mnene kama Bambusa vulgaris, chukua bua lenye umri wa mwaka mmoja au miwili, ulikate vipande vyenye vifundo viwili viwili, upunguze matawi bila kuyaharibu macho yake. Vipande hulazwa katika kitalu chenye kivuli na kufunikwa udongo inchi 2 au 3. Wakulima wengine hutoboa tundu katikati ya vifundo, hujaza maji ndani ya uwazi wa bua na kuliziba tundu, ili kipande kisikauke upesi. Baada ya majuma machache majani hutokea, na hapo ndipo wengi hukosea. Majani hutangulia mizizi. Kipande king'olewacho kwa furaha ya kuona majani hufa, lakini kiachwacho miezi mitatu minne au zaidi, mpaka mizizi imeshika, huwa mche.

Shimo liwe futi 2 upana na futi 2 kina. Udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri na kurudishwa shimoni. Kupanda ni mwanzoni mwa mvua ya masika, na kuzunguka mche pafanywe beseni la udongo la kukusanya maji, kisha pafunikwe kwa majani makavu unene wa inchi 4. Majani yake mwenyewe yaangukayo yasifagiliwe na kuchomwa, kwa maana ndiyo chakula chake cha kesho. Ng'ombe na mbuzi wazuiwe, kwani chipukizi moja likitafunwa, bua la mwaka huo limekwisha.

Katika pipa na karai

Karani akaaye katika nyumba ya kupanga aweza kudhani kwamba habari hii si yake. Udongo si wake, na siku atakapohamishwa kwenda wilaya nyingine atauacha mti alioupanda ukimnufaisha mwingine. Lakini mwanzi wa kichaka hukubali kukaa katika chombo, na chombo hupakiwa garini pamoja na vitanda na viti. Mianzi mitatu katika mapipa yaweza kuuficha uwanja mdogo usitazamwe na wapitao njia, na kuitia ubaridi veranda ikabiliyo jua la jioni.

Debe latosha kwa mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo chombo kiwe na upana wa futi moja na nusu au zaidi. Pipa la lita 200 lililokatwa katikati hufanya vyombo viwili vizuri, mradi halikuwa na dawa za sumu. Mtungi wa udongo wenye tumbo pana na mdomo mwembamba usitumiwe, kwa kuwa mizizi ikiisha kujaa mmea hautatoka bila mtungi kuvunjwa, na mara nyingi mizizi yenyewe huupasua. Chini ya chombo patobolewe matundu manane au kumi ya ukubwa wa kidole gumba, nacho kiwekwe juu ya matofali. Maji yasipopata njia mizizi huoza, na chombo kikikaa juu ya ardhi tupu mizizi hupenya matunduni na kushika udongo wa chini.

Mchanganyiko ufaao ni udongo mzuri wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Usijazwe mpaka ukingoni. Inchi 2 au 3 ziachwe kwa ajili ya maji. Mwenye kukaa ghorofani akumbuke kwamba pipa lenye udongo uliolowa ni mzigo mzito sana, na apate ruhusa ya mwenye nyumba kwanza.

Kazi kubwa ya chombo ni maji. Mwanzi ulio shambani hutuma mizizi yake mbali, lakini ulio katika pipa hauna pengine pa kwenda. Wakati wa kiangazi hutaka maji kila siku, nayo yamiminwe mpaka yatoke matunduni. Mmea wenyewe hutoa taarifa. Ukiona kiu, jani hujikunja kwa urefu wake kama mkeka unaoviringishwa. Likikunjwa adhuhuri na kufunguka jioni, si hatari. Likikutwa limekunjwa asubuhi, maji yatiwe mara moja. Majani machache ya manjano yaangukayo wakati mapya yanapotoka si ugonjwa. Ni desturi ya mmea kubadili nguo.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu mizizi hujaa chombo kizima. Hapo mmea utolewe mwanzoni mwa mvua, ukatwe kwa msumeno sehemu mbili au tatu, kila sehemu iwe na mabua yake na macho mazima ya kuchipua, kisha sehemu moja irudishwe katika udongo mpya. Zinazobaki hupewa ndugu au huuzwa. Mwenye kuchelewa hukuta maji hayanywewi tena na mabua mapya yametoka membamba kuliko ya zamani.

Kwa vyombo, Bambusa multiplex ndio mwepesi kutunzwa. Uko pia mwanzi wa ajabu wa China, Bambusa ventricosa, ambao mabua yake huvimba kati ya vifundo kama safu ya vibuyu. Uvimbe huo huonekana zaidi unapobanwa katika chombo na kupewa maji kwa kiasi. Ukipandwa ardhini na kushibishwa, hurefuka na kunyoka kama mianzi mingine. Shida ndiyo iletayo umbo lake.

Bua halinenepi

Liko jambo moja ambalo asiyelijua hukata tamaa mapema. Bua la mwanzi hutoka ardhini na unene wake kamili. Humaliza kurefuka katika miezi michache, na baada ya hapo haliongezi unene hata likikaa miaka kumi. Linaloongezeka ni ugumu. Kwa hiyo mabua ya mwaka wa kwanza, membamba kama kalamu, hayatakuwa fito kamwe. Kazi yake ni kutengeneza chakula kwa majani yake na kukiweka akiba chini, ili mabua ya mwaka wa pili yatoke manene zaidi, na ya mwaka wa tatu yazidi hayo. Mtu ayakataye mabua membamba kwa kuyadharau amekula mbegu yake.

Bua hukomaa lifikapo miaka mitatu au minne. Likikatwa kabla ya hapo husinyaa na kupasuka. Lakini baada ya miaka miwili mitatu kichaka huwa na mabua ya kila umri, yote yakifanana kwa mbali, na mkulima hana kumbukumbu ya lipi lilitoka lini. Dawa yake ni rahisi: kila mwaka, mvua zikiisha, mabua mapya yatiwe alama ya rangi, mwaka huu nyeupe, mwaka ujao nyekundu, na kadhalika. Bua changa laweza kujulikana pia kwa magamba yaliyolishika na unga mweupe chini ya vifundo, na lililokomaa kwa rangi yake iliyofifia na mabaka ya kuvu.

Hesabu yake haimshindi karani. Tuseme kichaka hutoa mabua 8 kila mwaka. Mwisho wa mwaka wa nne kina mabua 32. Yakikatwa yale 8 ya kwanza, hubaki 24 ya kulisha mizizi, na mwaka ujao 8 mengine yatakuwa tayari. Hivyo ndivyo mtu atumiavyo faida ya fedha zake na kuuacha mtaji benki. Akatae shauri la mnunuzi atakaye kichaka kizima kwa mara moja, kwa maana kichaka kilichofyekwa chote hurudi nyuma kama mche wa juzi.

Mabua makuukuu huwa katikati, na machanga huwa pembeni. Basi mkataji aache upande mmoja wazi kama mlango, aingie hapo na kuyatoa ya katikati, kichaka kikabaki na umbo la kiatu cha farasi. Akivuna pembeni tu kwa sababu ni rahisi, ataua watoto na kuacha wazee wasongamane hata wafe wamesimama. Kukata kufanywe wakati wa kiangazi, kama Januari na Februari, wakati bua lina utamu kidogo ndani yake na wadudu hawalipendi sana. Panga lipite juu kidogo tu ya kifundo kilicho karibu na ardhi. Kisiki kikiachwa chenye uwazi huwa kikombe cha maji, na kikombe hicho ni kitalu cha mbu karibu na nyumba.

Chipukizi litokalo mahali pasipotakiwa likatwe lingali laini. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Chipukizi liondokalo kwa teke moja mwezi huu litataka shoka mwakani.

Kuyahifadhi mabua na kujihadhari

Mwanzi uliokatwa na kutumiwa siku ile ile hauishi sana. Vidudu vidogo huingia kutafuta wanga uliomo ndani, na alama yao ni unga mweupe umwagikao chini. Mabua yakilazwa majini majuma kadhaa, sehemu ya wanga huo huyeyuka na kutoka. Kisha yasimamishwe kivulini mpaka yakauke. Mafundi wafanyao vitu vya kuuza hutumia maji yenye boraksi na asidi ya boriki. Bua lisilotiwa dawa likichomekwa ardhini hudumu mwaka mmoja mpaka mitatu tu kwa ajili ya mchwa na kuoza. Likiwa chini ya paa, lisiguse udongo, laweza kudumu miaka minne au zaidi. Kwa hiyo nguzo ziwe za mti, na mwanzi uwe fito, dari na ua wa juu.

Machipukizi ya mianzi mingi huliwa, na Wagisu wa Mlima Elgon hupika malewa, machipukizi yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga. Lakini machipukizi mabichi mengi yana sumu ya namna ile iliyomo katika mihogo michungu. Yasiliwe kabla ya kumenywa, kukatwa na kuchemshwa vizuri, na maji yake kumwagwa. Watoto waambiwe. Tena magamba ya mianzi mingine yana manyoya membamba yawashayo sana, na mtu asifanye kazi ndani ya kichaka bila shati la mikono mirefu.

Kuhusu fedha

Yamesemwa mengi juu ya utajiri wa mianzi. Kwa mwenye shamba dogo ni vema kusema kwa kiasi. Miaka mitatu ya kwanza haina mavuno. Bua lisilofanyiwa kazi lina bei ndogo, na gari la kulipeleka sokoni huila bei hiyo njiani. Thamani huja mkononi mwa fundi, bua linapokuwa kikapu, tenga la kuku, ngazi au kiti. Katika sehemu za kusini za Nyanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno walishirikiana na wakulima wa tumbaku tangu miaka ya 2000 kuona kama mwanzi waweza kuchukua mahali pa zao hilo. Mkulima wa kuiga mfano huo yafaa ajue kwanza ni nani atakayenunua, na anataka bua au kikapu.

Lakini iko faida isiyongoja soko. Fito isiyonunuliwa ni fedha iliyobaki mfukoni, na ua uliotengenezwa kwa mabua ya nyumbani haukuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo mwenye kuanza na aanze na kichaka kimoja au viwili, kwa haja zake mwenyewe. Aende kwa afisa wa kilimo au wa misitu wa sehemu yake, au kitalu kinachoaminika, aulize jina la mwanzi kwa ukamilifu na kuliandika. Achague mahali, apime kwa hatua umbali wa mpaka, na kabla ya kuchimba shimo amwite jirani yake amwonyeshe atakapopanda na namna mwanzi wenyewe ulivyo. Maneno ya dakika chache siku ile ni rahisi kuliko kesi ya ardhi miaka kumi baadaye.